Maji, umeme na maboksi ya maziwa

Mwombe mtu aliyeitazama Inferno ya Dario Argento (1980) akusimulie kisa chake: atakwama. Rose, mkazi wa jumba moja la New York, anasoma kitabu cha msanifu majengo Varelli kuhusu wachawi watatu na nyumba zao. Anamwandikia kakake aliyeko Rome. Kuanzia hapo wahusika wanapokezana, wanauawa mmoja baada ya mwingine, na sababu haitajwi. Lakini muulize kuhusu funguo zilizoanguka majini; atakueleza mpaka kwa mikono.

Rose yuko chini ya jumba. Funguo zinamponyoka, zinatumbukia katika shimo la maji sakafuni. Anajaribu kuzifikia kwa mkono, anashindwa, anazama mwenyewe. Chini kuna ukumbi mzima uliofurika, na samani zake na picha ukutani. Halafu maiti inaelea kumjia. Argento haharakishi: muda wa tukio ni pumzi ya Rose, nasi tunaibana pamoja naye.

Tukio la Rome lina ufundi uleule. Sara, rafiki wa kakake Rose, anaweka santuri ya Verdi. Umeme unakatika, kwaya inanyamaza, unarudi, kwaya inaendelea, unakatika tena. Sisi wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, hatuhitaji kufafanuliwa. Tunajua jinsi giza linavyokatiza wimbo katikati ya neno, na jinsi mtu anavyobaki amesimama, akisubiri. Argento ameifanya swichi iwe mpiga ngoma, na kila mara taa inaporudi tunakagua chumba upya.

Rangi zinaunganisha yote. Mpigapicha Romano Albani anamwaga nyekundu na buluu kwenye kuta bila kuonyesha taa inayozitoa. Jumba lenyewe lilijengwa studioni kwa ghorofa chache tu. Zilizosalia zilikuwa kielelezo kidogo cha Mario Bava, gwiji aliyefariki mwaka huohuo. Mandhari ya majengo ya jiji aliyapanga mezani kwa maboksi ya maziwa yaliyobandikwa picha. Kielelezo hicho ndicho kinachowaka moto mwishoni.

Basi kisa kimevunjika, lakini kila tukio limesimama kwa miguu yake: kitendo kidogo cha nyumbani, kitu kimoja kinachokikwamisha, na subira. Udhaifu unajitokeza dakika za mwisho, mchawi anapojitambulisha kwa maneno na kugeuka kiunzi cha mifupa. Hapo ndipo filamu inapoanza kueleza, na hapo ndipo woga unapotutoka.

Kijana wa Bwiza mwenye kamera ya simu na asiye na fedha za studio aanzie kwenye zile funguo. Shimo, maji, mkono usiofika. Akishatufanya tubane pumzi, ndipo ashughulikie kisa. Na akishughulikie kweli, maana pumzi haibanwi kwa dakika mia moja.