Mutanga na Daftari: Juu ya Kufundisha Taashira za Walega Shuleni

Miongoni mwa Walega wa Mwenga na Shabunda, magharibi ya Bukavu, kuna kamba iitwayo mutanga. Huning'inizwa mahali wanaume wanapokutana, nayo hufungwa vitu vidogo vidogo: koa la konokono, unyoya, kipande cha kibuyu, kokwa, ukucha wa mnyama. Kila kitu kina methali yake, pengine kadhaa. Mtu hushika kimojawapo na methali husemwa, asiyeijua huuliza. Mkono hutangulia, neno hufuata.

Nilihudhuria somo la "utamaduni wetu" katika shule moja ya msingi mjini hapa. Mwalimu alichora vitu vya mutanga ubaoni, akapiga mstari katikati, kisha akaandika upande wa pili maana zake: kobe ni hekima, unyoya ni ukubwa, na kadhalika. Watoto wakanakili, kwa hati nzuri kabisa. Simlaumu mwalimu yule, kwani chuoni sisi ndio tuliomzoesha kuandika hivyo.

Hata hivyo kosa hili si la mbinu peke yake, bali ni la semantiki. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Walega katika miaka ya 1950 na kuchapisha *Lega Culture* mwaka 1973, alionyesha kuwa kitu kimoja huweza kubeba maana mbalimbali kulingana na methali inayoambatana nacho na tukio linalohusika. Taashira hizi, basi, hazina tafsiri ya kudumu inayoweza kuwekwa kwenye safu ya pili ya daftari.

Tuchukue mfano wa kakakuona. Walega husimulia kwamba mnyama huyu ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani, kwa namna magamba yake yanavyolaliana. Mtoto akiandika "kakakuona: ufundi", hajajifunza kitu. Apewe majani mapana na fito chache, aezeke kibanda cha kimo cha goti, kisha amwagiwe maji juu yake. Aliyeanza kupanga majani kutoka juu ataona maji yakipenya. Aliyeanza chini, akalaza kila safu juu ya ile ya kwanza, atabaki na sakafu kavu. Hapo ndipo hadithi isimuliwe, na watoto watakuwa na maswali ya kumwuliza msimulizi. (Magamba halisi yasitafutwe: tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya kakakuona imepigwa marufuku, na majani yanatosha.)

Wapo wenzetu wanaotaka watoto waonyeshwe pia vinyago vya pembe vya Bwami. Naelewa uchungu wao. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, na sehemu kubwa ya vitu vyake imo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, Tervuren likiwa mojawapo. Lakini vinyago hivyo ni vya daraja la kindi, lililo juu kabisa, na havikuwa vya watoto hata kabla ya Wabelgiji. Dhuluma ya zamani haitupi ruhusa ya kuvuka mpaka uliowekwa na wenyewe. Mutanga ni jambo jingine, kwa kuwa uliangikwa mbele ya watu. Ni kweli kwamba palikuwa mahali pa wanaume, na kuuleta darasani mbele ya wasichana ni kuubadilisha. Badiliko hilo mimi nalikubali.

Linabaki suala la lugha. Madarasa ya mwanzo hapa Bukavu hufundishwa kwa Kiswahili, ilhali methali za mutanga ni za Kilega, na wengi wa wanafunzi ni Washi. Tukizitafsiri tu, mizani na mchezo wa sauti hupotea. Ningependelea mzee aitwe azitamke kwa Kilega kwanza, watoto wazirudie hata bila kuzielewa, kisha maelezo na ubishi viwe kwa Kiswahili. Mtoto Mshi naye alete kitu kutoka kwao pamoja na methali ya Kimashi, akifunge kwenye kamba ileile. Mkaguzi akiuliza daftari liko wapi, apelekwe kwenye kamba, ashike kitu kimoja, na mtoto yeyote amjibu.