Jeli Inayokubali Kukatwa

Mwaka 1965 Marshall Urist alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli, huotesha mfupa mpya. Ndani yake mna protini zinazouamsha mwili ujenge. Mojawapo, BMP-2, baadaye ikatengenezwa maabara, na mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha itumike kwa wagonjwa ikiwa imeloweshwa kwenye sponji ya kolajeni. Lakini sponji haiishiki sawasawa. Protini nyingi huvuja mapema, kwa hiyo dozi huwa kubwa, na dozi kubwa huweza kuleta uvimbe au kuotesha mfupa pasipotakiwa.

Ndiyo maana naistahi sana kazi ya Matthias Lutolf, Jeffrey Hubbell na wenzao wa Zurich, iliyochapishwa mwaka 2003. Walianza na PEG, polima inayopenda maji, ambayo seli haipati pa kuishika wala pa kuipenya. Kwenye ncha za matawi yake wakafunga vipande vifupi vya protini vya aina mbili. Aina ya kwanza huipa seli mahali pa kushika. Ya pili ndiyo inayonivutia zaidi: huunganisha tawi na tawi, kama fundo la wavu, ila imechaguliwa makusudi iwe ile ambayo vimeng'enya vya seli yenyewe huweza kuikata. BMP-2 ikanaswa humo.

Basi jeli hutulia, ikingoja. Seli ikifika hukata mafundo yaliyo mbele yake, hujipenyeza, na protini iliyonaswa hufunguka palepale inapohitajika. Hakuna aliyepanga saa. Kasi ya kutoa dawa huamuliwa na uponyaji wenyewe. Uangalifu ulioje!

Walitoboa fuvu la panya tundu lisiloweza kuziba lenyewe, wakaweka jeli yenye maikrogramu 5 tu za BMP-2. Ndani ya wiki 4 seli zilikuwa zimeenea humo na kuigeuza jeli kuwa mfupa. Hawakuishia hapo. Walijaribu pia jeli ambazo mafundo yake hayakatiki kwa urahisi, na mfupa haukuota vizuri. Hivyo wakajua kwa hakika ni sehemu gani ya ufundi wao iliyofanya kazi.

Fuvu la panya halibebi uzito wa mwili. Paja la mtu hubeba, na jeli laini haiwezi kulishikilia. Vyuma vya daktari bado vinahitajika. Ila kwa kazi ya kuifikisha dawa na kuizuia hadi seli ziifuate, jeli hii ina ustadi ambao sponji haina.