Klipu Ife, Mkanda Upone

Volkswagen ya injini ya nyuma, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na tena 1962, ikiishi kati ya Bunju, Mapinga na Bagamoyo haimalizwi na injini. Inamalizwa na bodi. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya mahali ambapo kitambaa cha kuoshea hakifiki: nyuma ya ile mikanda myembamba ya kung'aa ya ubavuni.

Mkanda wenyewe ni wa aluminiamu. Klipu zinazoushika ni za chuma, zimechomekwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika bati. Aluminiamu na chuma zikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Klipu nayo hupata kutu, ikavimba na kukaba tundu. Ndiyo maana napinga vikali kupiga rangi mpya huku mikanda imezibwa kwa gazeti na utepe. Rangi itapendeza kwa muda, kisha malengelenge yatatokea kandokando ya mkanda, maana kutu iliachwa chini yake.

Basi mikanda itoke. Kinachoiharibu zaidi ni kuanzia ncha moja na kuvuta. Aluminiamu nyembamba ikishapinda kwa mkunjo mkali, hata fundi hodari akiigonga polepole, jua la saa sita litaionyesha alama. Nguvu inapaswa kuwekwa penye klipu, moja baada ya nyingine, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua klipu ziko wapi. Mlangoni, toa ngozi ya ndani na karatasi ya kuzuia maji. Migongo ya klipu utaiona. Bandika utepe wa karatasi juu na chini ya mkanda, weka alama ya penseli kila penye klipu, kisha nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwa ndani na uyaache yalale usiku kucha.

Siku ya pili tumia kabari ya plastiki au ya mti laini. Bisibisi libaki kwenye boksi. Inua kidogo penye kila alama, rudi mwanzo, inua tena. Klipu ikigoma, ikate kutokea ndani. Klipu mpya hupatikana kwa bei ndogo. Mkanda wa asili ulionyooka ni shida kuupata.

Urembo wa vioo una kanuni nyingine. Ule umekaa ndani ya mfereji wa mpira, na ukiuchokonoa kioo kikiwa mahali pake utaupinda. Kioo kitoke pamoja na mpira wake, kisha mkanda uvuliwe mezani. Mpira uliokaushwa na jua ukatwe bila huruma, mradi mpya uwe tayari mkononi.

Mikanda ikishatoka, ioshe kwa maji baridi na sabuni. Msasa usiiguse, kwani utakwangua ngozi ngumu inayoilinda. Matundu ya bati yasafishwe hadi chuma kitupu, yapigwe rangi ya kuzuia kutu, na kila klipu mpya ipakwe grisi na kuvalishwa kipira chake ili mvua ya masika isipenye mlangoni. Mwenye gari, usimlipe fundi wa rangi hata shilingi kabla hujayaona matundu hayo kwa macho yako.