Simu ya Mama Laura

Tarehe 8 Aprili 1990 kituo cha ABC cha Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya Twin Peaks, tamthilia iliyotungwa na Mark Frost na David Lynch, na Lynch mwenyewe akaiongoza. Mzee anatoka asubuhi kwenda kuvua samaki, anakuta ufukoni maiti ya binti, Laura, iliyoviringishwa plastiki. Mauaji yalikuwa yameshaoneshwa kwenye runinga hadi watu wakayazoea. Lynch alifanya jambo ambalo wachache walithubutu: aliupa msiba muda wake.

Mama yake Laura anamwita bintiye ashuke, haitikiwi. Anapanda ngazi, chumba kitupu. Anaanza kupiga simu huku na kule, wasiwasi ukimpanda kidogo kidogo, mpaka anampata mumewe hotelini, katikati ya kikao na wawekezaji wa kigeni. Mume anamtuliza. Angali anamtuliza, gari la sherifu linasimama nje. Baba analitaja jina la sherifu, na mama, huko upande wa pili wa waya, anaelewa. Hakuna aliyemwambia neno. Mkonga wa simu unamponyoka baba, na kamera inashuka taratibu ikiufuata waya hadi pale kilio kinapotokea. Grace Zabriskie alilia kama anavyolia mzazi aliyefiwa, bila kujali sura yake itaonekanaje.

Kisha tunapelekwa shuleni. Mwalimu anaita majina, askari anaingia na kunong'ona, msichana anakatiza uwanjani mbio huku akipiga mayowe. Rafiki yake Laura anakitazama kiti kitupu, naye anajua. Mkuu wa shule anatangaza kifo kwenye kipaza sauti, kisha anashindwa kujizuia. Muda wote huo stelingi, mpelelezi Dale Cooper, hajatokea. Nusu saa na ushei inapita kabla hatujamwona. Leo nani angekubali kumweka stelingi nje kiasi hicho?

Watu zaidi ya milioni 30 waliitazama, na wahakiki wa magazeti ya Marekani waliipokea kwa shangwe. Walikuwa na sehemu hiyo moja tu ya saa moja na nusu mikononi, basi waliijadili kama kazi iliyokamilika: mwanga wake, muziki wa Angelo Badalamenti, ukimya wake.

Uhakiki wa namna hiyo ulikuwa na nguvu. Tamthilia ya polisi ya Hill Street Blues ilipoanza Januari 1981 kwenye NBC, watazamaji walikuwa haba. Sehemu yake ya kwanza ilianza kwa askari wa zamu ya asubuhi wakipangiwa kazi, sauti zikiingiliana, kamera ikihangaika mkononi. Wahakiki waliisifu kwa moyo, kituo kikaivumilia, na mwaka uleule ikazoa tuzo 8 za Emmy. Naamini pasipo kalamu zile ingezimwa mapema.

Kisha mambo yakabadilika. Tarehe 1 Februari 2013 Netflix iliachia House of Cards, sehemu zote 13 kwa mkupuo. Sitaki kuilaumu tamthilia hiyo. Sehemu yake ya kwanza iliongozwa na David Fincher, na ufundi umo. Nalia na mazoea yaliyofuata. Mtunzi anayejua kwamba sehemu ya pili itaanza yenyewe baada ya sekunde chache hana tena sababu ya kuitesekea ya kwanza mpaka isimame peke yake. Anaitanua, anamtambulisha huyu na yule, anaahirisha.

Nasi wahakiki tumelegea pamoja naye. Tunatumiwa msimu mzima, tunaumeza usiku mmoja, tunaandika asubuhi. Sehemu ya kwanza tunaipa sentensi moja, kisha tunamsihi msomaji avumilie mpaka ya nne, ndipo mambo yachanganye. Kama hadithi inaanza sehemu ya nne, zile tatu za mwanzo ziliandikwa za nini, na sisi tulizipitishaje?