Neno "Baruti" na Mzigo Wake

Miongoni mwa maneno tuliyoyazoea kiasi cha kutoyachunguza ni neno baruti. Yafaa tulichunguze, kwa kuwa mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria nchini Tanzania, na maandishi yahusuyo silaha na migodi hayana budi kupita mikononi mwa wafasiri.

Mahali pafaapo kulipimia neno hili ni Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria. Huko baruti ni vitu vitatu. Kwa mwenye gobori ni unga mweusi wa shura, makaa na kiberiti, unaoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Kwa mwenye bunduki ya kisasa ni chembechembe zilizomo ndani ya ganda, zisizotoa moshi mwingi, aina iliyovumbuliwa Ufaransa mwaka 1884 na Paul Vieille. Kwa mchimbaji dhahabu wa Geita ni kile kipasuacho mwamba. Nayo Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, kwa jina lake la Kiswahili, imeukusanya ukoo huu wote chini ya neno moja.

Tofauti zake si ndogo. Viwili vya kwanza huungua na kusukuma. Cha tatu hulipuka na kuvunja. Hata hivyo viwili havishiki nafasi ya kimoja na kingine. Gobori likitiwa baruti isiyo na moshi kwa kipimo cha baruti nyeusi, mtutu wake waweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Sasa tumfikirie mfasiri aliyepewa maandishi ya wawindaji wa Marekani. Huko, baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa jimbo la Kansas alinunua baruti ambayo jeshi halikuihitaji tena, akawauzia watu wanaojitengenezea risasi zao. Mfasiri akiandika, "Tumia baruti ya ziada ya jeshi kujaza risasi," sarufi yake ni safi, lakini maana ina kasoro tatu.

Kwanza, aina ya baruti haikutajwa, na msomaji wa Kwimba ataielewa kwa kulitazama gobori lake. Pili, ziada hudokeza kitu kizima kilichozidi tu mahitaji, ilhali baruti ya jeshi yaweza kuwa imezeeka ghalani, na kasi ya kuungua kwake hutofautiana baina ya fungu na fungu. "Baruti iliyoondolewa jeshini" humtahadharisha msomaji zaidi. Tatu, risasi ni jina la madini, la kipande kinachoruka, na la kitu kizima kinachotiwa bundukini. Kinachojazwa hapa ni ganda.

Kasoro hii ya tatu inagusa pia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Karani wa Sengerema akiandika hati ya mashtaka dhidi ya mtu aliyekutwa na maganda matupu na kopo la baruti, neno risasi peke yake halimwambii kama vitu hivyo vimo au havimo.

Hatuoni haja ya kubuni maneno mapya. Tuseme baruti nyeusi, baruti isiyo na moshi, na vilipuzi kwa vile vya mgodini. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Gobori hushindiliwa, bunduki hutiwa risasi, ganda hujazwa upya.

Huenda mtu akasema kwamba wachimbaji hawataacha kusema baruti. Wala hawalazimiki kuacha. Wao wanakiona kitu wanachokitaja. Msomaji wa sheria au wa kitabu cha maelekezo hana ila neno aliloandikiwa, na hao ndio wanaotegemea uangalifu wa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.