Krayoni za Zamani: Zilivyotengenezwa, Zinavyotambuliwa na Zinavyohifadhiwa

Krayoni ni nta iliyoyeyushwa, ikachanganywa na rangi ya unga, ikamiminwa kwenye kalibu na kuganda ikiwa kijiti. Kijiti kikishavikwa karatasi yenye jina na kupangwa na wenzake ndani ya boksi, huwa seti. Seti maalumu ni ile iliyotoka nje ya orodha ya kawaida ya shuleni: rangi zinazomeremeta, zinazonukia, za ngozi za watu, au toleo lililouzwa miaka michache tu likakoma. Wanaokusanya seti za utotoni hutafuta zaidi hizo, na swali la kwanza mezani kwao huwa la kiufundi: kitu hiki kilitengenezwaje, na mwaka wake unajulikanaje?

Kijiti cha rangi chenyewe ni cha kale kuliko kalibu. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, kilipatikana kipande kidogo cha jiwe chenye mistari myekundu iliyokatizana, iliyochorwa kwa ncha ya udongo mwekundu yapata miaka 73,000 iliyopita. Katika pango la Porc-Epic karibu na Dire Dawa, Ethiopia, watafiti walihesabu vipande 4,213 vya udongo wa rangi vyenye uzito wa takriban kilo 40, vingi vikiwa vya miaka ipatayo 40,000 iliyopita. Tanzania ya kati imo katika historia hiyo. Mapango ya Kondoa, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, yamejaa michoro myekundu, na ukanda huo wa michoro unaendelea kuelekea Iramba, Isanzu na Singida. Mtafiti Ludwig Kohl-Larsen aliinakili sehemu yake katika miaka ya 1930; mwanaakiolojia Fidelis Masao akachimba mapango kadhaa ya ukanda huo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1979.

Unyambwa, kata ya Manispaa ya Singida katika nchi ya Wanyaturu, imo ndani ya uwanda huo huo wa mawe ya itale. Katika historia hiyo, linaloihusu krayoni ni somo la utaratibu ambalo wachimbaji wa mapango wanalijua vizuri. Kipande cha udongo mwekundu kilichookotwa juu ya ardhi kinaeleza machache. Kikitoka katika tabaka lililoandikwa kina chake, kando ya mkaa, mifupa na shanga za maganda ya mayai ya mbuni, umri wake unaweza kupimwa na kazi yake kukisiwa kwa hoja. Kwa krayoni, tabaka ni boksi. Kijiti kilichotengwa na boksi lake kimepoteza sehemu kubwa ya habari zake, hata kama kimebaki kizima na chenye ncha.

Rangi yenyewe haikubadilika sana kutoka pangoni hadi kiwandani. Wekundu wa michoro ya Kondoa unatokana na oksidi ya chuma. Mwaka 1864 Joseph Binney alianzisha kampuni ya kemikali huko Peekskill, jimbo la New York, na miongoni mwa bidhaa zake ilikuwamo rangi nyekundu ya oksidi ya chuma ambayo wakulima wa Marekani walipaka mabanda ya mazao na mifugo. Mwanawe Edwin Binney na mpwawe C. Harold Smith wakaunda ubia wa Binney & Smith mwaka 1885. Mwaka 1900 wakanunua kinu cha mawe huko Easton, Pennsylvania, wakatengeneza kalamu za vibao vya shule, kisha chaki isiyotoa vumbi. Krayoni ilifuata humo humo, kwa wateja wale wale: walimu.

Boksi la kwanza la krayoni hizo, zilizopewa jina la Crayola, lilitoka mwaka 1903 likiwa na vijiti 8, nyeusi, kahawia, buluu, nyekundu, zambarau, chungwa, njano na kijani, likauzwa senti 5 za Marekani. Utengenezaji ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kuurudia kwa usawa. Nta ya parafini, inayotokana na mafuta ghafi, iliyeyushwa. Ikatiwa unga wa rangi uliosagwa laini mno, kwa kuwa punje kubwa hukwaruza karatasi. Ikaongezwa asidi ya steariki ili kijiti kiwe kigumu, na unga mweupe kama kaolini au talki ili rangi ishike karatasini. Mchanganyiko ulimiminwa kwenye kalibu zenye matundu mengi, ukapozwa kwa maji, vijiti vikasukumwa nje na vilivyopasuka vikarudishwa kuyeyushwa. Asidi ya steariki ilitokana na mafuta ya ng'ombe, na ndiyo sababu ya ile harufu ambayo mtu aliyewahi kufungua boksi jipya haisahau.

Nta ya parafini ilichaguliwa kwa bei na kwa sababu haina rangi. Nta ya nyuki, ambayo misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Singida imekuwa ikiitoa kwa biashara kwa muda mrefu, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi na hutoa kijiti kinachonata vizuri zaidi na kuvumilia joto. Kampuni ya Stockmar ya Ujerumani imejijengea jina kwa krayoni za aina hiyo. Ubaya wake ni unjano wa asili unaoingilia rangi nyepesi, na gharama. Seti ya nta ya nyuki haichanganyiki kirahisi na ya parafini machoni pa mkusanyaji: harufu yake ni ya asali, na ikiguswa kwa kidole chenye joto hulainika bila kuteleza.

Karatasi ya kijiti inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko rangi. Katika miaka ya mdororo wa uchumi Binney & Smith iliwapa familia za wakulima wa jirani kazi ya kuvisha vijiti karatasi kwa mkono; baadaye mashine zikaichukua. Karatasi huzungushwa mara mbili na kubandikwa kwa gundi ya wanga, na jambo hilo lina faida mbili: kijiti hakivunjiki upesi, na kikivunjika vipande hubaki pamoja. Wanga huo huo huwavuta mende na wadudu wengine wala karatasi, tatizo ambalo nyumba nyingi za Singida zinalijua.

Idadi ya rangi iliongezeka kwa hatua. Boksi la vijiti 48 lilitoka mwaka 1949. Mwaka 1958 likaja la 64, lenye kichongeo nyuma yake, na hilo ndilo lililobaki kuwa kielelezo katika kumbukumbu za watoto wa Marekani. Rangi za fluoresenti ziliingia mwaka 1972. Mwaka 1990 rangi 8 za zamani zilistaafishwa na nafasi zao kuchukuliwa na nyingine kali zaidi. Wapenzi walilalamika hadharani, na mwaka uliofuata zikarudi kwa muda ndani ya kopo la bati lililotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji. Boksi la 96 lilifuata mwaka 1993 na la 120 mwaka 1998. Miaka ya 1990 ndiyo enzi ya seti maalumu, na hapo ndipo ufundi unapopendeza.

Rangi ya fluoresenti si unga wa madini. Ni rangi ya kemikali iliyoyeyushwa ndani ya utomvu mgumu wa kutengenezwa, kisha utomvu ukasagwa kuwa unga. Hupokea mwanga usioonekana na kuurudisha ukiwa mwanga unaoonekana, kwa hiyo huonekana kama inawaka. Rangi hiyo huharibiwa na jua haraka kuliko oksidi ya chuma. Michoro ya Kondoa imepigwa na upepo na mwanga kwa karne nyingi na bado inasomeka. Krayoni ya fluoresenti ikiachwa kwenye kizingiti cha dirisha hufifia ndani ya muda mfupi.

Mng'ao wa seti za fedha, vito na lulu hupatikana kwa kawaida kwa vipande vidogo vya ulanga vilivyopakwa oksidi ya titani, au kwa unga wa alumini. Vipande hivyo ni bapa. Nta ikimiminwa polepole hulala upande mmoja na kurudisha mwanga pamoja. Ikikorogwa vibaya huzama, na kijiti hung'aa chini huku juu kikiwa kimefifia. Anayetazama seti ya Silver Swirls ya mwaka 1990 huona mistari ya fedha iliyojipinda ndani ya rangi nyingine. Mistari hiyo hutokea pale mchanganyiko wa pili unapoachwa usichanganyike kabisa na wa kwanza, kwa hiyo hakuna vijiti viwili vinavyofanana. Kwa ubunifu wa kiwandani, hilo ni jambo la nadra na la kupendeza sana.

Seti ya Magic Scent ya mwaka 1994 ilitiwa manukato. Baadhi yalikuwa ya vyakula, na baada ya taarifa kwamba watoto walikuwa wakivila vijiti, harufu za vyakula ziliondolewa na nyingine zikawekwa. Seti za mwanzo, zile za vyakula, ndizo zinazotafutwa zaidi. Manukato huvukiza, kwa hiyo boksi lisilowahi kufunguliwa lina sifa ambayo hakuna ukarabati unaoweza kuirudisha.

Seti za rangi za ngozi zina historia nzito zaidi. Kwa miaka mingi kijiti cha rangi ya waridi hafifu kiliitwa Flesh, yaani mwili, kana kwamba binadamu ana ngozi ya namna moja. Mwaka 1962, katika miaka ya harakati za haki za kiraia, jina hilo likawa Peach. Mwaka 1992 ikatoka seti ya vijiti vya rangi mbalimbali za ngozi, na mwaka 2020 seti ya Colors of the World ikatoka ikiwa na rangi 24 za aina hiyo. Mtoto wa Unyambwa anayetaka kumchora bibi yake kwa rangi inayofanana naye ana haki ya kuipata ndani ya boksi, na ilichukua karne karibu nzima kwa watengenezaji kulitambua hilo kwa ukamilifu.

Majina ya namna hiyo ndiyo kalenda ya mkusanyaji. Prussian Blue iliitwa Midnight Blue kuanzia mwaka 1958, baada ya walimu kusema kuwa wanafunzi hawaijui tena Prussia. Indian Red ilibadilishwa kuwa Chestnut mwaka 1999. Boksi la vijiti 64 likikutwa na kijiti cha Flesh na kingine cha Chestnut, basi limejazwa kutoka vyanzo viwili vilivyoachana kwa zaidi ya miaka 35, hata kama kila tundu lina kijiti. Jina la kampuni nalo husaidia: Binney & Smith ilijiita Crayola mwaka 2007, kwa hiyo boksi lenye jina la zamani limetangulia mwaka huo. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuvua karatasi zilizochanika ili kijiti kionekane safi. Kwa kufanya hivyo hufuta ushahidi pekee wa tarehe uliokuwa mkononi.

Adui wa krayoni ni joto linalopanda na kushuka. Kijiti cha parafini huanza kulainika karibu na nyuzi 40, na joto likizidi huyeyuka. Uwanda wa Singida upo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, lakini chumba kilichoezekwa kwa bati bila dari hupata joto kali mchana, hasa Oktoba na Novemba kabla ya mvua. Mabadiliko hayo ya kila siku husukuma sehemu laini za nta hadi juu ya kijiti, zikaganda kama ukungu mweupe. Wengi hudhani ni kuvu. Si kuvu: ukungu wa nta hauna harufu ya uvundo, na hutoweka ukifutwa taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Maji yasitumike, kwani hulegeza gundi ya wanga.

Mahali pazuri pa kuhifadhia ni chini, upande wa ndani wa nyumba, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Nyumba ya tembe, kwa kuta zake nene na paa la udongo, hutunza joto lenye usawa kuliko nyumba nyingi za bati. Boksi liwekwe ndani ya kopo lenye mfuniko ili kuzuia vumbi la kiangazi na mende, vijiti vikiwa vimelala, kwa kuwa kijiti kilichosimama hupinda polepole kwenye joto.

Seti za zamani si za kuchezewa na watoto. Njano ya kromati ya risasi ilitumika sana katika rangi za karne ya 20, na mwaka 1994 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliondoa sokoni krayoni zilizoagizwa kutoka China zilizokuwa na risasi. Mwaka 2000 chembe za nyuzi za asbesto ziligunduliwa katika baadhi ya krayoni, zikiwa zimetokana na talki, na watengenezaji wakakubali kubadilisha mchanganyiko wao. Anayezishika anawe mikono. Anayezitaka kwa kuchora anunue mpya.

Kumbukumbu ya kila seti huandikwa kabla ya kitu chochote kuhamishwa. Huandikwa maneno yote ya boksi, jina la kila kijiti na nafasi yake katika safu, urefu wake, hali ya karatasi, harufu kama ipo, na mahali seti ilikopatikana pamoja na nani aliyeimiliki, iwapo mwenyewe ameridhia. Vijiti vilivyoletwa baadaye kujaza mapengo hupewa alama kwenye karatasi ya kumbukumbu, kamwe si juu ya kijiti. Picha hupigwa kwenye mwanga wa kivuli, boksi likiwa wazi, kisha limefungwa.