Mnyama Mwenye Mwenyewe

Ukitaka kujua kama mtunzi wa hadithi za watu wanaogeuka wanyama anaijua kazi yake, msimulie mtu mzima wa Singida hadithi hiyo, kisha ungoje swali lake la kwanza. Mimi nilimsimulia shangazi yangu, Mnyaturu aliyeolewa huku Manyoni. Nilianzia mwanzo wa riwaya ya Moon Called: kijana mchafu, njaa imemkaba, anaingia kwenye gereji ya mwanamke anayetengeneza magari ya Volkswagen na kuomba kibarua. Fundi yule akimnusa vizuri, anajua kwamba kijana huyu hugeuka mbwa mwitu. Nilidhani shangazi ataniuliza kama mambo hayo yanawezekana. Hakuyagusa.

"Huyo kijana katumwa na nani?"

"Shangazi, hiki kitabu ni cha Wamarekani."

"Kwani Wamarekani hawatumani?"

Wanatumana, na kutumana huko ndiko kunakokiendesha kitabu hicho mpaka ukurasa wa mwisho. Shangazi hajapata kukishika kitabu chochote cha mwandishi wake, Patricia Briggs, lakini kwa swali moja aligusa kinachonifanya niwe mateka wa mfululizo wake tangu nilipouanza. Moon Called kilitoka mwaka 2006. Cha 14, Winter Lost, kilitoka 2024. Na mambo bado hayajaisha. Shujaa ni Mercy Thompson, fundi makenika wa mji wa Kennewick, jimbo la Washington, ambaye hageuki mbwa mwitu. Yeye hugeuka koyote, mnyama mdogo wa jamii hiyohiyo ambaye mbwa mwitu anaweza kumla kabla ya kifungua kinywa. Jina lake kamili ni Mercedes. Mercedes anayetengeneza Volkswagen! Amechoka kutaniwa, nasi wasomaji hatuchoki.

Vijana wa hapa mjini wanawafahamu watu-mbwamwitu kupitia filamu za kwenye kibanda umiza, zile ambazo DJ anazitafsiri huku akitia chumvi zake. Huko habari ni moja: mtu anaumwa, mwezi unapevuka, shati linachanika, mayowe. Nazipenda filamu hizo na nitaendelea kuzilipia, ila zina kasoro ambayo hata DJ hodari hawezi kuiziba. Ndani yake mnyama hana mwenyewe. Anatokea msituni, anaua, anapigwa risasi ya fedha, basi. Kosa lote linatupiwa mwezi, na mwezi ukishakuwa mkosaji hakuna mtu wa kuulizwa.

Huku kwetu mambo hayajawahi kuwa hivyo. Mwaka 1946 na 1947 mkoa wetu ulitikiswa na mauaji ambayo majeraha yake yalifanana na ya kucha za simba, na watu wakasema ni mbojo, watu-simba. Ilisimuliwa kwamba wako vijana waliofichwa tangu utotoni, wakafundwa mpaka utu ukawatoka, wakavishwa ngozi, na kwamba mwenye nao huwakodisha kwa yeyote mwenye ugomvi na jirani yake. Serikali ya kikoloni ilikamata watu na kuwashitaki kwa mauaji. Baadaye, mwaka 1962, mwanaanthropolojia Harold Schneider, ambaye aliishi Unyaturu na kuandika kitabu kizima juu ya watu wake, aliipima upya habari nzima katika makala kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records. Kinachonivuta mimi kama msomaji wa riwaya ni umbo la masimulizi yenyewe. Simba yumo, lakini simba ni chombo tu. Kuna aliyemfuga, kuna aliyemkodi, kuna deni, kuna shamba au ng'ombe au mke aliyegombaniwa. Ukiondoa manyoya unabaki na kesi ya ujirani.

Miaka hiyohiyo, kusini huko Njombe, George Rushby wa idara ya wanyamapori alikuwa akiwawinda simba wala watu waliokuwa wamewatesa wanavijiji kwa miaka mingi. Yeye aliwaona ni simba, akawapiga risasi. Wenyeji walisema ni simba wa Matamula Mangera, jumbe aliyevuliwa cheo, na kwamba mauaji hayatakoma mpaka arudishiwe cheo chake. Mauaji yalikoma. Rushby aliamini kwamba bunduki yake ndiyo iliyoyakomesha. Wengine wakasema Matamula amerudishiwa uongozi, nini kingine mnataka? Mtunzi mzuri angeziacha sababu zote mbili zisimame mezani, asiondoe hata moja.

Briggs hufanya hivyo, na sidhani kama amewahi kusikia habari za Njombe. Mbwa mwitu wake wote wana wenyewe. Kila mmoja yumo katika kundi. Kila kundi lina kiongozi. Na viongozi wote wa Marekani Kaskazini wako chini ya Bran, mzee wa karne nyingi anayeishi milimani Montana mwenye sura ya kijana wa chuo ambaye ungemtuma dukani bila kufikiri. Mmoja wao akiua mtu, suala haliishii kwa maiti. Nani alipaswa kumzuia? Kiongozi wake alikuwa wapi? Atapewa adhabu au atauawa kimyakimya kabla polisi hawajafika? Katika vitabu hivi watu hujadiliana, hutoa taarifa, huomba ruhusa ya kuingia eneo la mwenzao. Kuna kurasa zinazosomeka kama muhtasari wa kikao cha ukoo, nami, Mungu anisamehe, ndizo ninazozirudia mara nyingi kuliko za mapigano.

Chukua habari ya wanawake wa kundi. Kwa desturi ya mbwa mwitu wa Briggs, cheo cha mwanamke hutokana na cha mumewe. Mwenye nguvu kama simba jike akiolewa na mnyonge anahesabiwa mnyonge. Mercy anaingia humo akiwa mke wa kiongozi, tena ni koyote, tena ni mgeni, na wanaomchukia zaidi si wanaume peke yao. Msomaji wa Manyoni hahitaji kufafanuliwa hayo. Katika Night Broken, cha mwaka 2014, mtalaka wa mumewe anarudi kuomba hifadhi nyumbani kwao, anapika vizuri kuliko Mercy, na nusu ya kundi inamkumbuka kwa mapenzi. Humo kuna kiumbe wa moto kutoka volkano ya visiwa vya Kanari anayetaka kuua kila mtu. Mimi nilikuwa na hofu zaidi na yule mwanamke jikoni.

Huo ndio ufundi ninaousifu: kumpa mnyama majirani, kisha kuwaacha majirani hao waishi. Mume wa Mercy, Adam, kabla hajawa mume alikuwa jirani tu: askari wa zamani wa vita vya Vietnam, mwenye kampuni ya ulinzi, nadhifu kupita kiasi, anapenda kuamuru watu. Mercy ana Volkswagen Rabbit mbovu ya kuchomolea vipuri, na kaiegesha pale ambapo Adam hawezi kuchungulia dirishani asiione. Adam akijifanya bwana mkubwa, gari linavuliwa kitu kingine, mara tairi, mara hiki mara kile, lizidi kuwa baya. Hakuna anayeng'ata hapo, hakuna mwezi. Lakini ukishayajua mapenzi na ukaidi ulio katika kipande kile cha chuma, siku Adam anapotokwa na manyoya huku damu ikimtiririka unamwogopea kama mtu unayemfahamu.

Halafu kuna kumbukumbu. Kuandika kitabu kimoja cha kutisha si kazi rahisi; kuandika cha tano ambacho hakijasahau cha kwanza ni kazi ya watu wachache. Mwishoni mwa Iron Kissed, cha mwaka 2008, Mercy anafanyiwa ukatili wa kingono. Waandishi wengi wangemlipizia kisasi, wakafunga, na kitabu kinachofuata kingemkuta mzima anachezea spana zake. Bone Crossed kinaanza jeraha likiwa bichi. Anashikwa na hofu mahali pasipo na hatari, anakosa pumzi mbele ya watu wanaompenda, anachukia kuonewa huruma. Vitabu kadhaa mbele, kovu lile bado linauma siku mbaya. Vilevile nyumba yake ya kwanza inaungua katika Silver Borne. Kuanzia hapo anaishi kwa Adam, na kila ugomvi wa ndani unajua kwamba yeye hana tena mlango wake mwenyewe wa kuubamiza.

Sisi tuna mifululizo yetu, na sitaki mtu anidhanie nimeisahau. Willy Gamba wa Elvis Musiba alianza na Kufa na Kupona mwaka 1974, nikamfuata nikiwa shule kwa nakala isiyo na jalada iliyokuwa ikizunguka bweni zima. Gamba ni raha tupu. Ila hachakai. Anatoka kitabu hiki na kuingia kile suti ikiwa imenyooshwa, na vipigo vya juzi vimeishia juzi. Ni ufundi mwingine, wa shujaa asiyeguswa na wakati, nami siudharau. Aliyesogea karibu zaidi na ninachokizungumzia ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 na kuchapishwa 1960, kinamleta Bwana Msa na kiko chake mahali ambapo watu wako tayari kuusingizia mzimu. Bwana Msa anauliza swali lilelile la shangazi, nani kamtuma, nani ana faida, lakini hageuki kumtafuta mchawi. Anatafuta hati, urithi, mtu mwenye sababu. Na kitabu cha mwisho cha mfululizo ule, cha 1984, kinaitwa Kosa la Bwana Msa. Mwandishi anayemruhusu mpelelezi wake kukosea baada ya miaka yote ile ni mwandishi aliyeamua kwamba mtu wake ana damu.

Lazima niseme na upande mwingine. Swali la "katumwa na nani" likitoka kitabuni na kuingia kijijini, linaua. Katika nchi hii vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu na mtu alitaka jibu la haraka. Kwa hiyo mshabiki wa hadithi hizi, hasa wa mkoa huu, hana ruhusa ya kuzisoma kizembe. Briggs naona anaijua hatari hiyo. Katika dunia yake watu wa kawaida wanapogundua kuwa jirani zao ni viumbe wengine, wanachofanya ni kutunga sheria, kuandamana, kuchoma, kuwasogeza wenzao kwenye maeneo yaliyotengwa, na mwandishi hasahau kwamba nchi ile iliwatenga Wahindi Wekundu kabla ya hapo. Baba yake Mercy alikuwa wa watu hao, Mblackfeet, mpanda mafahali wa mashindano. Kutisha kwa vitabu hivi kunakuja pande zote mbili za mlango.

Si kwamba havina dosari. Kila kitabu kipya kinaleta adui mkubwa kuliko wa jana, na miungu inazidi kuongezeka mpaka unatamani zipite kurasa hamsini za kufungua injini tu. Bran anajua mambo mengi mno. Hakuna shimo ambalo hakulichungulia kabla. Silence Fallen, kinachompeleka Mercy mbali Ulaya, kinanikosesha gereji na majirani, nami bila gereji na majirani ni kama mlevi aliyepewa soda. Nilikimaliza usiku mmoja hata hivyo.

Ninapongoja kinachofuata huwa natembeza macho katika mji huu na kuona jinsi ulivyo tayari kwa mfululizo wa aina hiyo. Hapa ndipo reli ya Singida inapoachana na Reli ya Kati. Hapa malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku kucha, na mengine yanaharibika. Magharibi kuna vichaka vya Itigi ambavyo mtu akiingia hatua kumi haonekani, kusini zaidi kuna pori la akiba la Rungwa lenye simba wasio na haja ya uchawi wowote. Wagogo, Wanyaturu, Wakimbu, Wasukuma, kila mmoja na habari zake za mnyama asiye mnyama. Gereji za kando ya barabara ziko wazi hata saa nane za usiku, na fundi wa zamu ananusa mafuta, breki zilizoungua, na jasho la dereva mgeni anayetazama sana nyuma.

Atakayeandika mfululizo huo ninamwomba mambo machache. Asimgeuze mtu yeyote simba kabla hatujajua anadaiwa nini na nani. Asitumie mwezi. Mwenye simba awe mtu tunayempenda, anayechangia misiba, mwenye kiti cha mbele kwenye kikao cha shule. Na fundi wake, akivunjwa mkono katika kitabu cha kwanza, katika cha pili ashike spana kwa mkono wa kushoto.